Malengelenge Chini ya Rangi

Chumba cha pili, nyuma ya yadi ya mabomba
Jumatano, baada ya kazi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lako liwe limeanza kusikia dawa. Wasalimie wanao wote, kuanzia mkubwa mwenye mabega ya baba hadi kitinda mimba, ambaye nasikia sasa anaandika herufi kwenye kila ukuta anaoufikia. Usimchape. Heri ukuta uchafuke kuliko mtoto akue hana la kuandika. Mimi ni mzima wa mwili. Kikohozi cha vumbi kipo lakini tumeshazoeana, na paa bado linavuja pale pale pembeni mwa dirisha.

Barua zangu mbili zilizotangulia hukuzijibu, na sababu naijua. Mtu aliyesababisha mumeo asimamishwe kazi, kisha akakaa akaulizia goti lako, ni mkavu wa macho. Hata hivyo nauliza. Miezi miwili sasa shemeji hajashika bunduki ya kupulizia rangi, na aliyemnyang'anya ni mimi, kwa ripoti ya kurasa kumi na moja niliyoiandika kwa mkono wangu na kuiwasilisha kwa mkuu wa yadi. Niliandika humo kwamba anaharibu mabomba kwa makusudi. Kesi ikimwangukia hatapata kazi ya rangi popote, maana yadi hizi zinajuana, na karo ya watoto wako inatoka kwenye ile bunduki. Leo nataka nikusimulie jambo hili lote kama nilivyoliona siku ile ile nilipoliona, bila kulinyoosha. Nakuomba kitu kimoja tu: usiruke ukaenda mwisho. Najua unavyosoma magazeti kuanzia ukurasa wa nyuma.

Wewe ni binti wa fundi bomba, lakini kazi aliyoifanya baba na hii ya kwetu zimekuwa ndugu wa mbali. Baba alipaka lami ya moto, nene kama kidole, akazungushia kitambaa, bomba likafukiwa likasahauliwa. Sisi tunatumia rangi ya makopo mawili. Peke yake, kila kopo ni uji tu. Rangi hizo mbili zikichanganywa, baada ya saa chache huwezi kuzivunja kwa nyundo. Bomba linaletwa na kutu yake, linapigwa mchanga kwa upepo mkali mpaka linakuwa jeupe-kijivu na kukwaruza kama ulimi wa paka, halafu mkaguzi analipitisha, halafu mpiga rangi analipulizia makoti, yaani matabaka, mawili, membamba kuliko ganda la yai. Kesho yake tunalipitishia mashine ya cheche: brashi ya waya yenye umeme, ambayo ikikuta tundu hata la ncha ya sindano inatoa cheche na kulia kama panya. Ikinyamaza, tunagonga muhuri. Watu wakifungua maji jikoni wanamshukuru Mungu, wengine wanamshukuru diwani, lakini aliyesimama kati ya chuma na maji hakuna anayemjua. Silalamiki. Nalalamika kidogo.

Yadi ina mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa wetu: mimi mkaguzi, shemeji mpiga rangi. Wa pili unakaguliwa na binti mmoja aliyetoka chuoni juzi, ambaye hagusi kitu bila kipimo. Ana kipimo cha ukwaruzo, ana kipimo cha unyevu, ana kitambaa cheupe cha kufutia, nadhani na chai yake anaipima. Nilimpa jina la Binti wa Vipimo, na yadi nzima ikalishika. Mimi nilikagua kama baba. Nilipitisha kiganja juu ya chuma kikiwa bado kina joto la mchanga, nikajua. Vijana waliita kule "kulisalimia bomba", na walikuwa wakinitania kwamba Mkaguzi wa Dunia, kama wanavyoniita, anasalimia mabomba yote lakini watu anawachagua.

Basi, mvua kubwa zilipokwisha, wachimbaji wa mtaro wakaleta habari mbaya. Mabomba yaliyokuwa yamelazwa kando ya mtaro yakisubiri kushushwa yametoka malengelenge. Nilikwenda mwenyewe kuyaona. Rangi haikupasuka wala kuchunika. Ilikuwa imevimba, vimbe ndogo ndogo zilizokusanyika mahali pamoja, kama ngozi ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Nilitoboa moja kwa ncha ya kisu, yakatoka maji ya rangi ya chai. Dada, mashine ya cheche ilikuwa imeyapitisha mabomba yale, na muhuri uliokuwa juu yake ni wangu. Mtu kaniingizia ugonjwa chini ya muhuri wangu. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na neno "mtu" sikulitoa kichwani tena.

Unanijua. Nimesoma kesi za watu na vita vya watu kuliko ninavyoujua mshahara wangu, na kila kitabu kiliniambia kwamba ajali ni neno la waliochelewa kuchunguza. Nilianza na mtunza stoo. Nilimwambia ananunua rangi iliyokwisha muda akibandika karatasi mpya. Akanijibu kwamba nikitaka kukamata mwizi nianze na anayemwazima kalamu kila asubuhi asiirudishe. Nikakagua makopo yake yote, tarehe zilikuwa sawa. Nikaenda kwa mpiga mchanga, nikamwambia mchanga wake una chumvi. Yeye akasema mchanga wake ni msafi kuliko roho yangu, akachota konzi moja akaniambia nionje. Nilionja. Haukuwa na chumvi.

Ndipo nikakaa na daftari, na daftari likanipa mshtakiwa. Malengelenge yalikuwa kwenye mabomba ya mstari wa kwanza tu. Mstari wa pili, rangi ile ile, mchanga ule ule, mvua ile ile, hakuna hata kipele. Na katika mstari wetu hayakuwa kwenye kila bomba. Yalikuwa kwenye mabomba ya mwanzo wa asubuhi, na yale ya mara baada ya chai. Tena kwa kila bomba mahali ni pale pale: urefu wa mkono mmoja kutoka mwishoni, kimo cha kifua cha mtu aliyesimama. Niambie, mvua gani inayochagua kimo? Kutu gani inayokwenda kunywa chai kwanza? Hapo kuna mkono, nilisema, na sijutii kusema vile, maana mkono ulikuwepo.

Nani huwa peke yake asubuhi kabla ya wengine kujipanga? Mpiga rangi, akichanganya makopo. Nani hurudi mapema kutoka chai? Mpiga rangi, rangi isije ikamgandia. Nilianza kumtazama mumeo jinsi paka anavyoutazama mlango wa jiko. Tulikuwa tunaishi chumba kimoja, kama unavyojua, vitanda viwili vya chuma na birika moja. Nikaanza kuhesabu dakika anazochukua bafuni. Nikanusa shati lake usiku mmoja, likanuka thina, ile dawa ya kuzimulia rangi. Kana kwamba shati la mpiga rangi lingenuka waridi! Nikachungulia chini ya kitanda chake, nikakuta kopo la rangi ya yadi, nusu. Nilipomuuliza alisema ni makombo yaliyokuwa yanatupwa, kwamba alikuwa ameipaka miguu ya vitanda vyetu kwa sababu sakafu inatoa unyevu na chuma kinaliwa. Alilisema jambo hilo huku anamenya kitunguu, hata hakugeuka. Nikaona kutogeuka kule ni ushahidi. Sikuinama kuitazama miguu ya kitanda.

Na tayari nilikuwa nimeshajipa sababu. Mwaka juzi nilimkataza kupuliza asubuhi yenye ukungu, tukagombana, na mkuu akanipa mimi haki. Nilijiambia tangu siku hiyo amenihifadhia. Nikawaza kwamba anazidisha thina sehemu moja ya bomba, rangi inyong'onyee pale pale, muhuri wangu uaibike, mimi niondolewe. Niliandika yote hayo. Nilipanga hoja kwa namba, nikachora ramani ya malengelenge, nikaweka saa, siku na kimo. Ilikuwa, nikisema mwenyewe, kazi nzuri.

Siku aliyoitwa ofisini alitoka akanikuta mlangoni, mbele ya watu. Hakupandisha sauti. Alisema kwamba bomba la chuma nalisalimia kila siku kwa mkono, na yeye aliyenikorogea uji siku tano nilipokuwa na homa namwita mhujumu. Akaniuliza, kama angetaka kuniharibia, si angeniacha tu niendelee kuongea? Watu wakacheka. Mimi nikamwambia kicheko si utetezi. Jioni alibeba godoro lake kichwani akaenda kulala kwa mpiga mchanga, na birika aliniachia.

Sasa, dada, nafika pale ambapo ungekuwa umeanzia kusoma.

Mkuu alitaka kikao cha kuamua kesi kifanyike wiki iliyopita. Nikaona ripoti haitoshi, nataka kitu cha kuweka mezani. Nikachagua bomba moja lililorudishwa kutoka mtaroni, lenye malengelenge mazito, nikakata rangi kwa kisu kulizunguka lile eneo lote, nikaibandua polepole ili itoke kipande kimoja. Ilitoka kirahisi, kama ganda la yai lililochemshwa vizuri. Na chini yake, juu ya chuma, kutu ilikuwa imechora kiganja. Kiganja kizima, dada. Vidole vinne na gumba, vimetanuka, vyekundu juu ya kijivu.

Nilifurahi. Naona aibu kuliandika neno hilo lakini ndilo. Nilipiga kelele peke yangu katika karakana. Nilisema nimempata, amejisahau, ameacha mkono wake! Nikataka kupima ukubwa ili niseme katika kikao kwamba mkono huu ni mpana kuliko wangu, maana mumeo ana viganja kama sepetu. Nikaweka changu juu yake.

Kikaenea. Hata kidole cha mwisho, kile kilichobanwa na mlango wa ghala wewe ukanibeba kwenda kwa daktari, kile kisichonyooka hadi leo, kililala ndani ya kutu kikiwa kimepinda vile vile.

Sikuelewa mara moja. Nilisimama pale nimeushika ubaridi wa chuma, nikanusa mkono wangu. Mafuta ya mgando. Vumbi la mchanga linapasua ngozi, na kila asubuhi kabla ya kazi nilijipaka, na baada ya chai nikajipaka tena. Asubuhi, na baada ya chai; mabomba yaliyofuata yalikuta kiganja kimeshakauka. Kisha nikaenda kulisalimia bomba, kimo cha kifua changu, urefu wa mkono wangu, juu ya chuma kilichokwisha safishwa, dakika chache kabla mumeo hajakipulizia rangi. Lami ya baba ilikuwa ya moto na nene, ilimsamehe mtu. Rangi hii haisamehi. Ilikaa juu ya mafuta na jasho langu bila kushika chuma, mashine haikuona tundu kwa sababu tundu halikuwepo, na mvua ilipokuja maji yakajipenyeza taratibu yakapata pa kukaa.

Ungedhani hapo ndipo nilipokimbia ofisini. Sikukimbia. Nilichukua brashi ya waya nikausugua ule mkono mpaka chuma kikang'aa. Nilifagia kipande cha rangi nikakitia kwenye pipa. Nikamwandikia mkuu kwamba kikohozi kimenizidi, kikao kisogezwe. Kilisogezwa. Kwa siku kumi na mbili mumeo alikuwa anabeba mifuko ya mchanga ya mpiga mchanga ili apate chakula, na mimi ndiye pekee niliyejua kwamba hana hatia. Usinitafutie udhuru, wala usimwombe mama mdogo anitafutie.

Siku hizo nilibandua mabomba mengine sita, nikitafuta mkono wa mtu mwingine. Naam, hata wakati huo. Nilijiambia labda lile moja lilikuwa bahati mbaya, na mengine ni ya shemeji. Yote sita yalikuwa na kidole kilichopinda. Mstari wetu umetoa mabomba mia tatu na kumi na mawili, na arobaini na sita yameshafukiwa. Nilipiga hesabu nyingine chafu pia: yangechukua miaka minane au tisa kutoboka, nami ningekuwa nimestaafu, na jina lililoandikwa kwenye faili lingekuwa la mumeo.

Haukuwa moyo wangu mwema ulionitoa huko, maana ungekuwa mwema ungenitoa mapema. Ni Binti wa Vipimo. Alikuja Ijumaa akaomba nimwazime nakala ya ripoti yangu. Alisema anataka kujifunza kuandika namna ile, kwamba mkuu aliwasomea sehemu, na kwamba hoja zilikuwa zimepangika hivi kwamba mtu angeamini hata bila kuyaona mabomba yenyewe. Alikuwa anasema kweli, hakuwa akinitania. Dada, nimetukanwa na watu wengi katika maisha haya na nimewajibu wote. Huyu alinisifu.

Nilimshika mkono, sikumpa ripoti, nikampeleka kwenye bomba la saba. Nikaweka kiganja changu pale alipokuwa anaona. Nilimngojea acheke, maana miaka miwili nimemcheka yeye na kitambaa chake cheupe. Hakucheka. Aliangalia kidole, akaniangalia usoni, akauliza huwa nasalimia kila bomba au najichagulia. Nikasema kila bomba. Akavuta daftari lake na kuniambia, basi mzee, tuanze na yaliyofukiwa.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu. Ripoti ya safari hii ni ukurasa mmoja na nusu, haina ramani. Nimeondolewa kwenye ukaguzi, na ni haki. Nimewekwa pamoja na wanaofukua, nabandua rangi, nasugua, nafuta kwa thina, nimevaa glavu, na Binti wa Vipimo ndiye anayenipitishia. Jana alinirudishia bomba mara tatu. Mara ya tatu nilianza kubisha, nikamwona anangoja kwa upole nimalize, nikalichukua.

Mumeo amerudishiwa kazi tangu leo mchana. Ameambiwa tu kwamba kesi imefutwa na malipo yake ya miezi miwili yatatoka, kisha akapewa siku nne aje akuone. Sababu hajaambiwa. Nilimwomba mkuu aniachie mimi niseme. Nilimfuata hadi kwa mpiga mchanga jioni hii. Alikuwa anafunga begi. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, na unajua maneno hayajawahi kunikimbia. Lakini nilimuuliza tu kama anaweza kunibebea barua yako. Alicheka kidogo, akauliza kama ni mashtaka mapya, maana kama ni mashtaka atahitaji begi kubwa zaidi. Akasema atapita kuichukua alfajiri.

Niliporudi humu chumbani nikapiga magoti nikatazama miguu ya kitanda changu. Imepakwa rangi, makoti mawili, hadi kwenye nyayo. Hakuna kutu.

Basi dada, barua hii itakufikia mkononi mwa mtu niliyemdhulumu. Sijaibandika bahasha, na nimeiacha hivyo kwa makusudi, lakini namjua, hataifungua; hasomi barua isiyo na jina lake. Kwa hiyo nakuomba wewe. Mkishakula, watoto wakishalala, mkalishe umsomee kwa sauti. Usianzie mwisho. Msomee na pale nilipolinusa shati lake, na pale nilipouona mkono nikafurahi, na zile siku kumi na mbili. Usiruke mstari kwa kunionea huruma, wala kwa kumwonea huruma yeye. Kisha muulize kama akirudi huku nimwekee birika jikoni, au nimpelekee kwa mpiga mchanga. Jibu lake lolote niandikie, hata kama ni neno moja.

Nisalimie mama mdogo, nisalimie majirani wanaokuchukulia maji goti likikataa, na wote wanaoniulizia, kama wapo bado.

Ni mimi mdogo wako,
yule mliyekuwa mkimwita Wakili